Sare ya Uwanga

Watu wa mtaa wetu wa Ng'ambo husema kwamba najisifu, nami sijawahi kuwakatalia. Niliondoka Unguja nikiwa yaya wa watoto wa watu, nikarudi na stashahada ya kemia ya maabara, na katikati hapo hakuna mjomba aliyenisukuma wala mume aliyenilipia. Nilisoma jioni, baada ya kuwalaza watoto wa tajiri yangu, tena kwa lugha ambayo hata kusalimiana kwake kunaumiza koo. Stashahada hiyo nimeitia fremu nikaitundika sebuleni mkabala na mlango, ili mgeni aione kabla hajaniona mimi. Asiyependa aangalie upande wa pili.

Nitaieleza kazi yangu kwanza, kwa sababu asiyeijua kazi yangu hataijua hasara yangu.

Nchi niliyoishi iko kaskazini, kwenye baridi, na chini ya ardhi yake kuna mawe ya rangi ya kahawia yenye mafuta ndani. Si mafuta ya kutoboa kisima yakaruka. Mawe yenyewe huvunjwa, hutiwa tanurini, hupikwa mpaka yatoe mvuke, na mvuke ule ukipozwa huwa mafuta meusi, mazito, yenye harufu ya kukuondolea hamu ya chakula. Yakiachwa hivyo hayafai kwa injini yoyote. Yana salfa, yana naitrojeni, yana kila uchafu. Ili yatakate, hupitishwa pamoja na gesi ya haidrojeni, kwa moto na shinikizo kubwa, juu ya vipande vidogo vya kichocheo. Kichocheo ndicho kinachofanya kazi: kinayashika mafuta, kinayang'oa uchafu, kinayaachia yaende zake, na chenyewe hakiliki. Ila kinachoka. Mafuta ya mawe hukichosha kichocheo haraka sana, na maabara yetu ilikuwepo kwa jambo hilo moja, kutafuta kichocheo kisichochoka upesi.

Mimi nilikuwa fundi wa kutengeneza vipande. Unachukua unga mweupe wa alumina, unautia maji na asidi kidogo, unaukanda, unaukamua kwenye matundu ukatoka nyuzi nyuzi, unazikausha, unazichoma, na baadaye ndipo zinapotiwa madini ya kuzipa nguvu. Siku ya kwanza kuiona mashine ya kukamulia nilicheka peke yangu. Zilikuwa tambi. Marehemu mama yangu alikuwa akikamua tambi kila Shaabani, kwa chombo cha shaba cha kuzungusha kwa mkono, na mimi ndiye niliyekuwa nikizipokea. Wenzangu pale maabara tambi zao zilikuwa zikipasuka zikikauka, nao wakilaumu unga. Nikawaambia wazifunike kwa kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa, zikauke taratibu, kama mama alivyofanya. Hazikupasuka tena. Mkuu wa maabara, bwana mrefu, mpole, mwenye kawaida ya kusema na mtu huku ameinamisha kichwa, aliniita mbele ya wote akanipa mkono. Wenye shahada zao za juu walikuwepo, wakapiga makofi.

Lakini hizo tambi si fahari yangu kubwa. Fahari yangu ni uwanga.

Kipande cha kichocheo ukikitazama kwa darubini yenye nguvu utaona kimejaa vinjia, mfano wa vichochoro vya Mji Mkongwe. Mafuta mepesi hupita humo kama mtu wa miguu. Mafuta ya mawe ni kama hamali na gari lake la mkono: akifika penye kona anakwama, na walio nyuma yake wote wanakwama. Nilimchorea mkuu wangu picha hiyo hiyo ubaoni, kona za Mji Mkongwe na hamali na gari lake, nikamwambia kinachotakiwa ni barabara pana zinazoviunganisha vichochoro. Njia ya kuzipata ni kuchanganya wanga ndani ya kinyunga, ukichoma wanga unaungua na pale ulipokuwepo panabaki wazi. Walishajaribu wanga wa viazi, walishajaribu wa mahindi, vipande vikatoka dhaifu, ukivibana kwa vidole vinakuwa vumbi.

Wakati huo nilikuwa na paketi ya uwanga jikoni kwangu. Wasioujua, uwanga ni unga mweupe unaotokana na kiazi cha mwituni kinachoota kwenye mchanga na mawe ya pwani yetu. Ni mchungu mpaka uoshwe maji mengi. Wazee walipikia uji, na hadi leo wapo wanaotilia kofia na kanzu ili zisimame. Alinitumia shoga yangu, baada ya kusikia tumbo linanisumbua. Huyu nimekua naye Ng'ambo, tumechezea uwanja mmoja, tumekwenda chuoni kusoma Kurani pamoja, na alipoolewa Fumba mimi ndiye niliyemshika mkono siku ya kuingia. Uwanga ule aliuchimba, akautwanga na kuuosha kwa mikono yake.

Nikaupeleka maabara. Sikumwambia mtu mpaka vipande vilipotoka tanurini. Vilikuwa vigumu, vyeupe, na ndani yake mna barabara. Vikatiwa madini, vikawekwa kwenye mtambo mdogo wa majaribio, mafuta ya mawe yakapitishwa juu yake, na kichocheo kile kikaendelea kufanya kazi hata waliokuwa na zamu ya kukiangalia wakaanza kuchoshwa nacho. Wakati wenzake wote walishakufa, chetu kilikuwa hakijaanza kuchoka. Nasema chetu kwa adabu. Kilikuwa changu.

Hapo nikaomba kurudi nyumbani, na tukakubaliana na mkuu wangu hivi: mimi nitatengeneza vipande vyeupe hapa Unguja, kwa uwanga wa hapa, wao watavitia madini na kuvipima kwenye mtambo mkubwa. Vikistahimili mtambo mkubwa, maabara itavichukua kwangu daima, na kichocheo kitaandikwa kwa jina langu. Mtoto wa mkaanga mihogo wa Ng'ambo, jina lake kwenye kichocheo cha kusafishia mafuta. Sikutaka jambo jingine duniani.

Nilikodi chumba cha chini katika nyumba ya zamani Mji Mkongwe. Kuta zake ni nene, joto lake halibadiliki ghafla, na uani mna birika la kukinga maji ya mvua. Hilo birika ndilo lililonifanya nichukue nyumba. Visima vya pwani yetu vina chumvi, sisi wenyewe hatuisikii kwa sababu tumekulia nayo, na ndani ya chumvi mna sodiamu, na sodiamu kwa kichocheo ni sumu. Haikichoshi, inakiua. Kwa hiyo uwanga uliotoka Fumba nilikuwa nikiuosha upya mwenyewe, kwa maji ya mvua, kisha kwa maji niliyoyachemsha na kuyakinga mvuke wake. Kila mkosho nilichota maji kidogo kwenye gilasi nikatia tone la dawa yenye madini ya fedha. Kama mna chumvi, maji hugeuka meupe kama yametiwa maziwa. Yakibaki maangavu, uwanga uko tayari.

Shoga yangu nilimfunza yote hayo. Yeye ndiye aliyewakusanya wanawake wa kule Fumba wakachimba na kutwanga, na mimi sikumficha kitu. Nilimwekea gilasi mbili mezani, moja ya maji ya birika, moja ya kisima chao. Nikatia tone. Ya kisima ikageuka maziwa.

"Na haya ndiyo matamu," akasema. "Haya mengine yako hayana ladha, kama maji ya hospitali."

Tukacheka. Nikamwambia kichocheo hakina ulimi. Akanambia basi hicho ni kama mume wake.

Baadaye mkuu wangu akaja kutazama. Nilimpokea uwanja wa ndege, nikampa chumba kilichofukizwa udi, nikampeleka Kizimbani akanuse viungo, kisha Fumba. Shoga yangu alitandika mkeka, akapika uji wa uwanga kwa tui na iliki, na wanawake wote wakakaa nasi. Binti yake, anayefanya kazi hotelini na anasema Kiingereza cha kuteleza, ndiye aliyekuwa akifasiri pale nilipoinuka kwenda kusali. Niliporudi nikawakuta wanacheka wote, mkuu wangu ameinamisha kichwa chake kama kawaida, simu yake na ya yule binti ziko pamoja mkononi mwake. Anataka kutumiwa picha, nikaambiwa. Nikafurahi. Niliona nyumba zangu mbili zimekaa mkeka mmoja.

Alipoondoka alisema atanipa habari ya siku ya kutuma mzigo wa mtambo mkubwa. Habari haikuja. Nikiandika, ananijibu kwamba mambo ni mengi, nivute subira. Na shoga yangu naye, kila nikimpigia kuuliza uwanga, ananambia umeadimika.

"Mvua hazikukaa vizuri, shoga. Viazi vidogo, havina kitu. Nshawatuma mpaka kule kwenye mawe, wanarudi mikono mitupu."

Nikamwambia awape pole.

Kisha ukafika mwaliko wa harusi ya yule binti. Hapa nataka kueleweka na watu wa mbali. Kwetu, kwenye harusi wanawake walio karibu na wenye shughuli hushona sare. Nguo huchaguliwa mapema, hupelekwa nyumba kwa nyumba, na ukiletewa sare unajua uko ndani. Asiyeletewa ni mgeni wa kula na kwenda zake. Mimi kwa yule binti ni mama mdogo. Jina lake nilisaidia kulichagua. Nikaalikwa kwa ujumbe wa simu, ule ule wanaotumiwa majirani, na sare sikuletewa. Nikajiambia shoga yangu ana mengi, bila shaka atanipa siku yenyewe.

Siku ya hina nikafika Fumba na dera langu zuri nililolinunua ng'ambo ya bahari, dhahabu kiasi shingoni. Nikaingia uani. Wanawake wale wote niliowazoea kwenye uwanga, wachimbaji, watwangaji, waoshaji, wamevaa kanga za aina moja, nyekundu yenye maua meupe, na mitandio yake. Jina la kanga sitaliandika hapa. Shoga yangu amevaa. Hata mama yake mzazi, aliyekuwa haoni tena, alikuwa amevishwa.

Nikakaa pembeni kwenye mkeka. Bibi mmoja mcheshi, mwosha uwanga hodari kuliko wote, akanisogelea. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama juu mpaka chini.

"Mbona wewe huna? Au sare ya shamba haikutoshi, bibi wa Ulaya?"

"Sikuletewa, bibi."

"Hukuletewa vipi? Hii si ya harusi tu. Hii sare ya uwanga. Tumejinunulia kwa mzigo wa yule mzungu wako." Akanigusa goti. "Ule uliokwenda miezi iliyopita, magunia kwa magunia. Tulichimba mpaka kucha zikatoka. Kwani we hukuwepo kwenye shughuli hiyo?"

Nikamwambia nilikuwepo. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nadhani sikutaka anione nimeanguka mbele yake.

Shoga yangu akapita na sinia la halua. Macho yetu yakakutana, akayahamisha kwa bi harusi mtarajiwa, akaita mtu alete maji. Sikuondoka. Niliketi mpaka mwisho, nikala, nikapiga vigelegele pale palipostahiki, nikamtunza binti kwa zawadi ambayo watu waliinuka kuitazama. Asitokee mtu akasema nilitoka na uso chini.

Mambo mengine niliyapata kwa mkuu wangu mwenyewe, maana nilimpigia na safari hii akapokea. Hakukana. Alisema kwa sauti ile ile ya upole kwamba waliona kuleta vipande kutoka Unguja ni safari ya bure. Kukanda na kukamua wanaweza kule kule, tena kwa kitambaa changu cha kufunikia. Walichokosa ni unga, na unga una mwenyewe Fumba, wakaona wasimpitishe mtu katikati. Mtu katikati, yaani mimi. Nikamuuliza jina la kichocheo je. Akasema hilo halina haja tena, kwani njia ya uwanga wameifunga.

"Mmeifunga kwa nini?"

"Kimekufa. Mtambo mkubwa haujaanza kupata moto vizuri, kimekufa. Tumepima, sodiamu imejaa."

Nikamwambia huo si unga wangu. Wangu huoshwa kwa maji ya mvua, hujaribiwa kwa tone, wala haumtoki mtu mkononi mpaka maji yawe maangavu. Nikamwomba apokee vipande vyangu, vichache tu, avipime. Akasema anasikitika. Wakubwa wake wameshaandika kwamba vitu kutoka kisiwani havitabiriki.

"Kwao wao," akasema, "uwanga wa Zanzibar ni uwanga wa Zanzibar."

Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Kuzungukwa nimezungukwa, wengi wanazungukwa. Lakini kitu nilichokitengeneza kwa akili yangu, kikawashinda wenye shahada kubwa, kimezikwa pamoja na kitu kibovu cha wengine, na kaburi lina jina moja. Aliyekuwa anajua tofauti ni mmoja tu, naye ndiye aliyeinyamazia.

Shoga yangu alikuja baada ya fungate ya binti yake. Alibisha hodi mlango wa chumba changu cha Mji Mkongwe kama mtu asiyekijua, nami nikaitikia karibu kama nisiyeijua sauti yake. Alishika mfuko. Hakukaa mpaka nilipomwambia akae.

Alisema mzungu ndiye aliyeanza, alimwandikia binti, akataka unga upelekwe haraka. Alisema wanawake wa kule wana shida zao, wanataka kujiona nao wamefanya kitu bila ya kusimamiwa. Nikamwacha aseme mpaka akamaliza.

"Na kuosha?" nikamuuliza. "Nilikuonesha. Nilikutilia tone ukaona kwa macho yako."

Akaangalia zile gilasi, bado ziko mezani pale pale.

"Wallahi nilidhani madoido," akasema. "Wewe kila kitu chako kina madoido, shoga. Maji mpaka yakingwe mvuke, tambi mpaka zivishwe nguo. Ningejua hili la lazima na hili la kujionesha vipi?"

"Si ungeniuliza."

"Ningekuuliza vipi, na nshakwambia viazi hakuna?"

Akatoa kwenye mfuko kanga, doti nzima haijakatwa, nyekundu ya maua meupe. Akaiweka juu ya meza, kando ya gilasi.

"Yako ilikuwepo tokea mwanzo," akasema. "Niliinunua pamoja na zote. Nilishindwa kukuletea, kwani ningekuletea ungeuliza ya nini."

Akangoja. Nadhani alitaka niitandue nijifunge, au nimrushie usoni, apate kulia. Nikamwambia safari njema, asalimie mama yake. Alipofika mlangoni aligeuka akaniita jina langu la utotoni, nami nikaitika "Naam," kama tunavyomwitikia kila mtu. Akatoka.

Uwanga wangu wa zamani ulikuwa umebaki kidogo ndani ya chupa. Siku ile ile nilipima alumina, nikatia asidi, nikakanda. Hakuna aliyeniagiza. Maabara nyingine zipo duniani, na mafuta ya mawe hayako nchi moja tu, nami nina stashahada ukutani na mikono miwili. Nitawaandikia wote, na nitakayempelekea atapelekewa kitu safi. Nikakamua kwa chombo cha shaba cha mama, tambi zikatoka nyeupe, zimenyooka, zikapangana kwenye sinia.

Zikawa zinataka kufunikwa. Kitambaa changu cha siku zote kilikuwa kimechakaa, kimetoboka. Nikaikata ile doti, nikaacha upande mmoja mezani, wa pili nikauchukua uani. Kanga mpya haiwekwi juu ya kichocheo hivi hivi. Ina rangi inayotoka, ina dawa ya kiwandani, na hii ilikaa nyumba ya Fumba, imekunjwa kwa mikono iliyokuwa ikioshwa kwa maji ya kile kisima. Nikaiosha kwa maji ya birika. Nikachota gilasi, nikatia tone, maji yakageuka maziwa.

Nikamwaga, nikachota mengine, nikaiosha tena, nikaikamua mpaka viganja vikawaka. Nikatia tone. Tambi zilikuwa ndani zinakauka bila kufunikwa, na nilijua zikiachwa zaidi zitapasuka. Ningeweza kuchukua kile kitambaa kilichotoboka. Nikaitumbukiza kanga tena.

Maji bado yalikuwa meupe.